Siku ya Wahabeshi

Inspekta Walburga Komba alikuwa ameshamaliza vitumbua vinne, vikombe viwili vya chai ya rangi na subira yote aliyotoka nayo nyumbani, na Mama Paskalina alikuwa bado hajajibu swali la kwanza.

“Mama yangu, achana na Wahabeshi. Nakuuliza siku. Ulimwona Muhsini siku gani?”

“Ndiyo nakwambia, mwanangu. Siku ya Wahabeshi.”

“Katika juma hakuna siku inayoitwa hivyo.”

“Kwenu ninyi mliosoma,” alisema Mama Paskalina, akageuza kitumbua kwa kijiti bila kukiangalia. “Mimi nilisoma la nne tu. Siku zangu nazijua kwa yaliyotokea.”

Koplo Majaliwa, aliyekuwa amekalia kreti ya soda kando ya barabara ya Bombambili, alikohoa kile kikohozi chake cha mtu aliyewahi kufika kwenye jibu. “Afande, hilo mimi nilishalimaliza. Siku hiyo redio ilisema Wahabeshi waliwapiga Wataliano kule Adwa. Nikaingia kwenye simu. Adwa ni Machi mosi, mwaka elfu moja mia nane tisini na sita. Machi mosi ya mwaka huu imeangukia Ijumaa. Kwa hiyo alimwona Ijumaa. Imeandikwa, imewekwa dole gumba.”

“Wewe ndiye uliyemwambia ni Ijumaa?”

“Simu ndiyo ilisema.”

“Na mimi nikasema haya,” akadakia Mama Paskalina. “Nani abishane na simu ya serikali?”

Walburga aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukitupa.

Kesi yenyewe ilikuwa ndogo, ila ilikuwa imekaa vibaya kama mfupa wa perege kooni. Kikundi cha akina mama wajane cha Tujikwamue kilikuwa na mashine ya kusaga ng’ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka kwenye jiko hili. Jumamosi asubuhi, mwenyekiti wao, Zulfa, alifungua mlango akakuta mashine ipo, mkanda upo, mota haipo. Kufuli zima. Ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa na mwenziwe mmoja tu duniani: mmoja kwa Zulfa, mwingine kwa mlinzi Joachim. Ule wa mlinzi Zulfa alikuwa ameupaka rangi ya kucha, nyekundu, usije ukachanganyika na wa kwake.

Mlinzi naye alikuwa na maelezo. Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi, alimpa fundi Muhsini ufunguo wake, achukue mota akabadilishe beringi. Muhsini akaichukua, akaitengeneza, akairudisha jioni. Hata Zulfa alikuwepo wakati inafungwa. Ila ufunguo, alisema Joachim, hakuwahi kuuona tena. Ijumaa mashine haisagi. Na Ijumaa hiyohiyo, mnamo saa mbili kasorobo asubuhi, kwa mujibu wa dole gumba la Mama Paskalina, Muhsini alionekana akitoka pale na mota imefungwa kwenye gunia, akapanda bodaboda.

Muhsini alisema ni kweli alipita hapo na gunia, ila ni Alhamisi, na ni ile safari ya beringi. Akasema ufunguo alimrudishia Joachim mkononi. Nani wa kumwamini? Alikamatwa Jumatano jioni. Leo Alhamisi, saa nane mchana, alitakiwa kusimama mahakamani.

Na kesho, baada ya sala ya Ijumaa, binti yake Asma alitakiwa kuolewa. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani. Wakwe walishatoka Tunduru na walilala Namtumbo. Usiku uliopita walipiga simu kwa adabu zote. Walisema walii wa kumwozesha binti kuwakilishwa na mtu mwingine siyo tatizo, sheria ya dini inaruhusu. Tatizo ni kuoa kwa mtu aliyepandishwa kizimbani kwa wizi wa mota ya wajane. Akipandishwa, gari lao linageuza palepale Namtumbo. Asma alikuwa amelileta neno hilo kituoni alfajiri, hina ikiwa bado mbichi mikononi, akalisema mara moja tu, kisha akaketi kwenye benchi. Mikono alikuwa ameikunjua magotini kama anayesubiri kupokea kitu.

Hiyo mikono ndiyo iliyomtoa Walburga kituoni kabla ya saa moja.

“Tuanze upya, mama,” alisema. “Kwa nini unakumbuka kwamba Muhsini alipita siku hiyohiyo ya Wahabeshi?”

“Kwa sababu ya mwalimu mmoja, mteja wangu. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa. Redio ilipotaja Wahabeshi, akasema hata sisi wazee wetu wangekuwa na bunduki zile wangewapeleka Wajerumani mchakamchaka hadi baharini. Watu wakabishana. Muhsini akapita na gunia lake, akaniamkia, akasema mama punguza kelele za wanaume wako. Nikacheka. Moyo ulikuwa bado uko kwenye makumbusho, unajua.”

“Makumbusho ya wiki iliyopita? Ya mashujaa waliopigana na Wajerumani?”

“Ndiyo. Jumanne nzima nimesimama juani, miguu ikavimba kama mihogo ya Matengo. Jumatano sikuwasha moto. Siku niliyorudi jikoni ndiyo hiyo.”

Walburga aligeuka akamtazama Majaliwa kama mwalimu anavyomtazama aliyeandika jina lake vibaya.

“Koplo. Makumbusho yalikuwa tarehe ngapi?”

“Ishirini na saba Februari, afande. Kama kila mwaka.”

“Jumanne. Jumatano alipumzika siku moja. Akarudi jikoni lini?”

Majaliwa alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, mkono wa pili, labda vidole vya kushoto vina ubongo zaidi. “Alhamisi.”

“Na wewe umeandika?”

“Ijumaa. Lakini, afande, Adwa ni Machi mosi. Historia haibadiliki kwa sababu ya miguu ya mtu. Na Joachim naye amesema hivyohivyo, bila kuambizana.”

Hapo ndipo palipouma. Joachim, katika maelezo yake ya Jumanne, alisema Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alikuwa nyumbani kwake Peramiho anasikiliza redio, na alikumbuka vizuri kipindi cha *Siku Kama ya Leo*: Wahabeshi kuwapiga Wataliano, na Marekani kuanzisha hifadhi yao ya kwanza ya taifa, Yelostoni. Mashahidi wawili, redio moja, Wahabeshi walewale. Jalada lilikuwa limefungwa kwa pande zote mbili kama gunia la mahindi.

“Bila kuambizana,” Walburga alirudia. “Mama, ulimsimulia mtu kwamba umetoa ushahidi wa Wahabeshi?”

“Mimi simsimulii mtu mambo ya polisi,” alisema Mama Paskalina, akiwa ameudhika. “Niliwaambia wateja tu.”

Walburga alifumba macho. Simu yake ikaita. Ni Afande Henry, mkuu wake, ambaye hakuwahi kusema habari za asubuhi tangu apewe nyota. “Jalada mezani kwangu saa sita,” alisema, akakata.

Ilikuwa saa moja na nusu. Juu ya boksi la mafuta, redio ndogo ya Mama Paskalina ikapiga ule muziki wa ngoma, na sauti nzito ya Anselmo, ambayo Songea nzima iliijua kuliko sauti za waume zao, ikaanza kumwagika.

“Siku kama ya leo, mwaka elfu moja mia tisa kumi na saba, wanawake wa mji wa Petrogradi, nchini Urusi, waliingia barabarani kudai mkate. Na ndiyo sababu hata sisi, ndugu msikilizaji…”

Walburga alishtuka akasimama. Wazo lake la kwanza lilikuwa sare. Siku ya Wanawake alitakiwa aandamane mstari wa mbele, na sare yake ya sherehe ilikuwa bado kwa dobi. Alishaanza kutafuta namba ya dobi kwenye simu kabla hajasita ghafla.

“Majaliwa. Leo tarehe ngapi?”

“Saba.”

“Siku ya Wanawake?”

“Nane. Kesho.”

“Basi huyu mbona anaisoma leo?”

Majaliwa alifungua mdomo. Kitumbua kilikuwa bado ndani.

“Nyanyuka kwenye kreti,” alisema Walburga. “Tunaenda redioni.”

*

Anselmo alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Watu waliomwona kwa mara ya kwanza walikuwa wakiangalia nyuma yake, wakidhani mwenye sauti yuko anakuja. Aliwapokea kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, akiwa amekumbatia daftari kubwa la jalada gumu.

“Afande, kama ni yule mwalimu wa historia amekuja kushtaki, mimi sikumtukana. Nilimzuia namba tu.”

“Mwalimu gani?”

“Yuko mmoja. Tangu wiki iliyopita ananipigia kila asubuhi, ananiambia nimewahi. Juzi Jumanne nimewapa Ghana uhuru wao, kanipigia anasema Ghana ni kesho. Nikamwambia mzee, Ghana wameshapata, utawachelewesha wewe?”

“Lete daftari.”

Anselmo alilitoa kwa shida, kama mtu anayeombwa mtoto. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi za duara, kila ukurasa mambo mawili au matatu. Walburga alipekua. Juu ya kila ukurasa palikuwa na namba. Tarehe hapakuwa na hata moja.

“Tarehe ziko wapi?”

“Za nini? Nililiandika mwaka jana, mwaka mzima, kila siku ukurasa wake. Mia tatu sitini na tano, kamili. Kuna uzi hapo ndani, unaona? Asubuhi nafungua penye uzi, nasoma, nausogeza uzi mbele. Miaka inazunguka, daftari linazunguka. Sijawahi kuruka siku hata nilipougua malaria.”

“Na mwezi wa pili ulipofika tarehe ishirini na tisa?”

“Nilifungua penye uzi.”

“Mwaka jana kulikuwa na tarehe ishirini na tisa Februari?”

Anselmo aliangalia daftari. Akaangalia uzi. Akaangalia dari, huko ambako watangazaji huwekewa majibu.

“Huu ni mwaka mrefu,” alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu mfupi.

“Huu ni mwaka mrefu,” Walburga alikubali. “Tarehe ishirini na tisa, Alhamisi, ulisoma ukurasa wa Machi mosi. Tangu hapo mji mzima unaishi kesho.”

Majaliwa alikuwa anahesabu tena vidole. “Kwa hiyo siku ya Wahabeshi…”

“Ni Alhamisi. Kama alivyosema fundi. Kama ilivyosema miguu ya mama wa watu. Aliyesema Ijumaa ni simu yako.” Walburga alikuwa ameshafika ukurasa wa sitini. Alisoma, kidole kikishuka. Adwa ilikuwepo. Chini yake, bomu la majaribio la Wamarekani lililopasua kisiwa cha Bikini. Basi. Akageuza hadi wa sitini na moja: uhuru wa Moroko; ndege ya Konkodi kuruka mara ya kwanza.

“Ndugu mtangazaji,” alisema, “Yelostoni umeiandika wapi?”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Hifadhi ya wanyama ya Wamarekani.”

Anselmo alionekana kukerwa kuliko alivyokerwa na mwaka mrefu. “Afande, tuna Selous hapo nyuma ya nyumba, mimi nikahangaike na wanyama wa Marekani? Hilo halimo humu. Tafuta hadi Desemba.”

Walburga alilifunga daftari akaliweka kwapani. “Naliazima.”

“Kesho nitasoma nini?”

“Rudia ulichosoma leo,” alisema akiwa mlangoni. “Kesho kitakuwa kweli.”

*

Joachim alikuwa ameitwa kituoni saa nne kuja kusaini nakala ya maelezo yake. Alikuja amechana nywele. Alikaa, akaweka mezani simu na rundo la funguo zake, akavuta karatasi karibu, na akatafuta kalamu kwa macho kama mtu ambaye kazi imebaki ya wino tu.

“Usisaini kwanza,” alisema Walburga. “Nina swali dogo la kukamilisha. Ijumaa asubuhi ulikuwa wapi?”

“Peramiho, afande. Nilitoka lindo saa kumi na mbili, nikapanda Hiace, saa moja nipo nyumbani.”

“Ukasikiliza redio.”

“Kila siku. *Siku Kama ya Leo* sikosi.”

“Ilisema nini?”

“Wahabeshi. Na Yelostoni.” Alitabasamu kidogo. “Napenda historia.”

Majaliwa, mlangoni, alitazama viatu vyake. Walburga alilifungua daftari ukurasa wa sitini na moja, akaligeuzia kwa Joachim.

“Soma hapo kwa sauti.”

Joachim alisoma Moroko. Alisoma ndege. Alipofika chini aligeuza ukurasa kutafuta mbele, akakuta habari nyingine, akarudi.

“Hicho ndicho kilichosomwa Ijumaa saa moja na nusu,” alisema Walburga. “Wahabeshi walisomwa Alhamisi. Mtangazaji alipitiwa na mwaka mrefu.”

“Aa. Basi nitakuwa nimechanganya. Nilisikia Alhamisi.”

“Alhamisi saa moja na nusu ulikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Maelezo yako, mstari wa sita. Alhamisi ulimsubiri fundi hadi saa moja umpe ufunguo, ukamsaidia kufunga gunia, ukaondoka saa mbili. Redio uliisikia kwenye gunia?”

Joachim alikuna shingo. “Labda kwa Mama Paskalina, nikipita.”

“Vizuri. Na Yelostoni nayo ulipita nayo? Maana humu haimo. Nimefika Desemba.” Walburga alijaribu kuiweka sauti yake iwe ya kawaida, lakini ilikuwa ni asubuhi ndefu. “Ndugu yangu, sikiliza. Mama Paskalina aliwatangazia wateja kwamba amemwona fundi siku ya Wahabeshi, na polisi wamesema ni Ijumaa. Wewe ukaona bahati imekuja na miguu yake. Ukaingia kwenye simu ukaandika Machi mosi. Ikakupa Wahabeshi, na ikakupa nyongeza. Ungeiacha nyongeza, leo fundi angepanda kizimbani na mimi ningekusindikiza hadi stendi. Tatizo lako ni kupenda historia.”

“Hayo ni maneno tu, afande.”

“Kweli. Nipe hizo funguo.”

Mkono wa Joachim ulitangulia kabla ya akili yake. Ulilifunika lile rundo. Watatu wote wakautazama mkono. Ulikaa pale muda mrefu kuliko inavyofaa mkono usio na hatia, kisha ukaondoka wenyewe.

Zilikuwa funguo saba. Walburga alizipitisha moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Wa tano ulikuwa umekwanguliwa ukang’aa kuliko wenzake, na aliyeukwangua alikuwa na bidii, ila hakuwa na sindano. Ndani ya ule mfereji mwembamba wa ubavuni, wekundu wa rangi ya kucha ulikuwa umebaki kama damu kwenye fizi.

“Huu ndio ambao hukuwahi kuuona tena.”

Joachim aliirudisha karatasi ya maelezo katikati ya meza.

“Sikuiuza,” alisema. “Wasiseme nimeiuza. Iko Namtumbo kwa shemeji, mashine yake iliungua, msimu wa mahindi ndio huu, watoto wake wanakula kwa mashine ile. Nilisema mwezi mmoja. Nilipanga kuirudisha.”

“Na Muhsini ulipanga kumrudisha lini?”

Joachim aliitazama simu yake pale mezani, kama mtu anayetafuta pa kusoma jibu.

*

Saa tano na dakika arobaini Walburga aliweka mezani kwa Afande Henry jalada lililokuwa na mshtakiwa mwingine. Afande Henry alisoma, akasoma tena ukurasa wa redio, akauliza kama anataniwa. Walburga alisema hapana, afande, na akaongeza kwamba hata yeye alitamani iwe utani. Polisi wa Namtumbo walipiga simu saa sita na nusu: mota ipo, inasaga, na shemeji anaomba amalizie debe moja.

“Mwambieni azime,” alisema Walburga, akakata simu kwa mtindo wa mkuu wake.

Zulfa alikuja mwenyewe mbio aliposikia, mtandio mkononi. Siku nne alikuwa amempita Asma barabarani bila salamu. Sasa alisimama mbele ya benchi, akaketi karibu na binti akaanza kumpulizia hina iliyokuwa imeshakauka tangu asubuhi. Asma alimwachia mikono.

Muhsini alitolewa mahabusu ameshika suruali kiunoni. Mkanda wake ulikuwa kwenye bahasha. Alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi vya grisi ambayo hata udhu haujawahi kuimaliza. Koplo Majaliwa alimmiminia vitu vyake mezani mwenyewe, bila kuamriwa: mkanda, kofia, bisibisi mbili, simu.

“Mzee wangu, mimi ndiye niliyeandika Ijumaa,” alisema. “Nisamehe.”

“Allah ndiye msamehevu,” alisema Muhsini, akivaa mkanda. “Mimi nimebaki kushangaa tu. Nimesema Alhamisi mara kumi na moja. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu sisemi redioni.”

Majaliwa alimsukumia simu, na Muhsini akapiga Namtumbo. Aliongea Kiyao, kwa kifupi, akiwa amesimama wima. Aliyekuwa upande wa pili aliongea kwa kirefu. Asma alikuwa amenyanyuka kwenye benchi, na Zulfa naye, ameishika mikono ile kana kwamba ingeweza kuanguka.

Muhsini alishusha simu. “Wamewasha gari,” alimwambia binti yake. “Wanauliza kama wanunue mchele njiani au upo.”

Asma alifungua mdomo kujibu, na badala ya jibu yakaja machozi ya juzi na jana na leo, yote kwa pamoja. Alikuwa hawezi kuyafuta, asije akaibandua hina. Zulfa akamfuta kwa mtandio wake.

“Upo,” alisema Zulfa. “Kikundi kinatoa. Na unga, mota ikirudi.”

Walburga alimgeuzia Muhsini daftari la mahabusu, akamwonyesha mstari. “Saini hapa umetoka salama, na vitu vyako umepata. Andika tarehe.”

Muhsini alichukua kalamu. Aliandika jina lake, polepole, kwa mwandiko wa fundi anayechora nyaya. Alipofika kwenye tarehe, akasita. Kalamu ilikaa hewani. Alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, akaitazama kalenda ukutani, ambayo ilikuwa bado imefunguliwa Februari.

“Tarehe saba, afande?” aliuliza. “Mna hakika? Maana hapa ndipo tulipoanzia.”

Majaliwa alipeleka mkono mfukoni kutafuta simu. Walburga alimtazama, na mkono ukatoka mtupu.

“Mzee,” Inspekta alisema, “wewe binti yako anaolewa lini?”

“Kesho, inshallah.”

“Basi andika ya leo.”

Muhsini akaandika saba.